Ngazi ya Funu

Mvua ya Februari ilipokula jiko la Mama Zihalirwa
haikupiga hodi. Sufuria tuliikuta bondeni,
maharage bado yamo,
tope juu yake kama kifuniko.
Njia ikawa utelezi. Watoto walishuka kwa matako kwenda shule,
na mjamzito wa nyumba ya nane
tulimteremsha usiku juu ya mlango uliong'olewa,
wanaume sita, kila mmoja akiamuru kwa lugha ya mamaye.

Basi tukasema: ngazi.
Kila nyumba mawe thelathini na bidoni mbili za maji.
Wa mchanga wakaleta mchanga,
wa maneno wakaleta maneno.

Fundi tulimpata Bokele, mtu wa Mbandaka,
aliyeletwa Bukavu na ndoa, akaachwa Bukavu na ndoa.
"Kwetu," alisema, akiutazama mteremko
kama mtu anayetazama deni,
"tunapanda mtumbwi. Mlima hatuujui."
Lakini kamba aliijua, na timazi, na kunyamaza.

Tukajipanga toka barabarani hadi chini,
jiwe likishuka mkono kwa mkono.
Wa mwisho alikuwa Nabintu, binti wa Walungu, mwenye adabu zake.
Kila fundi alipompokea mzigo
alisema, "Koko."
Jiwe, koko. Jiwe, koko.

Siku ya tatu fundi hakuja.
Tulimkuta kwake, amejifungia na redio.
"Nina miaka thelathini na moja," akasema.
"Yule binti ananiita babu.
Mawe mia mbili, babu mara mia mbili."

Mama Zihalirwa, ambaye hakuwa amecheka tangu jiko,
alikaa chini palepale, akafuta macho kwa kanga.
Maana koko ya Lingala ni babu,
na koko ya Mashi ni asante.

Nabintu hakucheka.
Alisimama mlangoni, viganja vimepasuka kwa simenti:
"Nilikushukuru mara mia mbili,
hukunijibu hata moja.
Nikasema, labda ndivyo walivyo watu wa mto."

Sisemi tulipendana wote.
Milanga yangu ya Shabunda, niliyoikaanga kwa pilipili,
mzee Mugisho aliisogeza kwa kidole kimoja.
Mashanza yake niliyamwaga nyuma ya mgomba,
naye aliniona.
Kesho yake alinipa jiwe, nikalipokea.
Lilikuwa zito. Hakuliachia mpaka nimelishika.

Simenti iliisha kabla ya mwisho.
Kidato cha themanini na saba kimeinuka kuliko vyote,
mawe makavu, yamebanana tu.
Sisi twakijua, mguu hujiinua wenyewe.
Mgeni hujikwaa,
na aliye karibu humdaka kiwiko,
naye hushukuru kwa lugha aliyo nayo.
Bokele, akiwa amekaa pale jioni na kikombe cha kasiksi,
huitikia, bila hata kugeuka:
"Naam, mjukuu wangu."