Jana ya Mawe

Nilikuwa pima ya saba, kisimani Wambaa,
sululu ikagoma.
Si mwamba. Uso wa udongo mgumu, umelala mshazari,
unang'aa kama sufuria ya Bimize
akishaisugua kwa majivu,
na mikwaruzo yote imeelekea magharibi.

Nikamwita Raya wa Idara ya Maji.
Akateremka kwa kamba ileile, viatu kaviacha juu,
akalaza kipimo chake: digrii ishirini na mbili.
"Hapa ardhi haikudondoka," akasema. "Iliteleza.
Upande wa juu uliuachia wa chini,
ukaenda zake polepole kuufuata mkondo."
Lini?
"Jana."
Jana ipi? Mimi jana nilikuwa Mkoani nanunua saruji.
Akacheka mpaka mchanga ukatumwagikia:
"Jana ya mawe, Faki. Babu wa babu yako hajazaliwa,
wala hajapatikana wa kumzaa."

Nikapitisha kiganja juu ya mikwaruzo.
Nikamkumbuka kaka yangu Shaame, yuko Tanga.
Hatukugombana. Hakuna siku
ninayoweza kuigusa nikasema: hapa ndipo alipokatika.
Barua, kisha simu, kisha salamu za Idi
kwa mdomo wa mtu mwingine.
Mwinamo mdogo tu,
mguu hauusikii.

Nilipopiga pigo moja zaidi
maji yalitokea pale penye ufa,
si chini nilikoyatafuta.
Nikayaonja: yana chumvi kidogo.
Raya akaandika namba.
Mimi nikaomba nivutwe juu;
kule chini simu haishiki.