Sabini na Moja, Sabini na Tatu

Julai, Embakasi, baridi ya kuuma kucha.
Bi. Nafuna anakata utepe kwa kisu cha mkate,
anachomoa kutoka katoni ya kwanza
kitu ambacho hati yangu inakiita "sehemu".

Anakigeuza. Anapuliza vumbi ambalo halipo.
Kina kioo. Kina vibonye vyote, hata cha alama ya mshangao.
Kina bawaba, kinafunguka kama kitabu cha sala.
Hakina kumbukumbu.
Hakina diski, hakina betri,
na pale pa kukaa ubongo pana shimo la mraba,
vipini vya dhahabu vimesimama
kama watu walioalikwa, mwenye karamu hajafika.

"Hii ni nini?"

Miaka kumi na minne nala kwa kujibu swali hilo.
Nasema: "Themanini na nne, sabini na tatu. Sehemu za mashine."
Yeye: "Themanini na nne, sabini na moja. Mashine."
Tarakimu ya mwisho tu ndiyo inayotutenga,
lakini ndani yake mna karo ya mihula miwili
ya watoto wa Gathungu,
aliyeziagiza nusu nusu
ili azikamilishe mwenyewe, ghorofa ya tatu, Luthuli,
na vijana wawili na bisibisi za sumaku.

Kitabu kipo mezani. Hakifungui, anakijua:
kisichokamilika kitahesabiwa kimekamilika
iwapo, hivyo kilivyoletwa,
tayari kina tabia yake ya msingi.

"Haiwaki," namwambia.
"Wewe ukilala huwaki pia. Nikuandike nini?"
Wapagazi wanacheka hadi chai inamwagika.

Nimewahi kuishinda kanuni hii.
Mwaka juzi nilipitisha bodi tupu, katoni hamsini,
kijani na mistari ya shaba, bila tone la risasi:
ramani ya mji ambao hakuna aliyeujenga.
Nani angeapa kwamba mle mna kompyuta?
Leo kioo cheusi kinanirudishia uso wangu,
tai, miwani, kalamu mbili mfukoni,
na nanyamaza kidogo.

Kwa sababu nami nilipita kizuizi hiki.
Nilisoma uhandisi Juja, miaka miwili na muhula,
mpaka ng'ombe wakaisha.
Kibwezi, ukutani kwa mama, msumari upo,
fremu ipo, kioo kinapanguswa kila Jumamosi;
shahada ndiyo haipo.
Lakini nikishuka pale stendi na viatu hivi
naitwa Injinia,
nakadiriwa kwa kiwango kizima:
harusi, mazishi, tangi la kanisa,
na pampu ya shule ikikwama naletewa spana
na watoto wanakaa chini kunitazama.
Hakuna siku niliyotozwa kama sehemu.
Huku Nairobi, nikipeleka barua ya kazi,
wanaigeuza, wanapuliza vumbi,
wananirudisha sabini na tatu.

Sikumwambia Bi. Nafuna hayo.
Nilimwuliza tu: "Na kama miili ingekuja leo,
kumbukumbu zije mwezi ujao?"
"Ningekuuliza leo, na mwezi ujao ningekuuliza tena."
Akachukua picha nne, akalamba kidole,
akaandika moja mahali pa tatu,
taratibu, bila chuki,
mkia wa ile moja ukapita chini ya mstari.

Simu. Gathungu.
"Wamesema ni nini?"
"Wamesema ni kompyuta."
Kimya. Nasikia kule kwake redio, honi,
mtu akipigania bei ya chaja.
"Kompyuta nzima?"
"Nzima."

"Haya, nitalipa," akasema.
"Lakini waambie kwanza waiwashe."