Nimekutuma Mimi

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
jina langu halikununua hata kiberiti.
Kwenye daftari la Mzee Bafadhili
nilikuwa na ukurasa wangu: deni juu ya deni,
wino mwekundu.

Siku mama alipolala na homa
kaka Semkiwa alisema, "Nenda.
Mwambie nimekutuma mimi."
Nikasimama mbele ya mizani, miguu peku,
nikataja jina lisilo langu.

Mzee hakuniuliza nitalipa lini.
Alipima mchele, akafunga sukari gazetini,
akaongeza ndimu mbili
ambazo sikuziomba,
akaandika kwenye ukurasa wa kaka.

Basi mnaponiuliza, wanangu,
kwa nini kila sala naifunga vilevile,
msidhani ni hirizi ya ulimi.
Jina la kaka niliwahi kuliombea sigara.
Mara moja tu.
Mzee alinitazama, akafuta kaunta:
"Hilo hakukutuma."

Ukurasa wangu naujua.
Usiku, hapa Chumbageni, napiga magoti, peku tena,
nataja jina lisilo langu,
na kabla sijamaliza
nasikia mizani ikishuka.