Kistari

Saa kumi na moja na nusu nimeshavua viatu.
Tope la Ziwa la Kwa Asaa halipendi viatu,
lilimeza kimoja cha Bwana Khatibu wa Wete
na mpaka leo hakijaonekana.
Shingoni darubini ya ofisi, jicho lake moja lina ukungu.
Mkononi fomu, na kalamu nimeifunga uzi.

Kazi yangu ni kuhesabu.

Yangeyange kwanza, maana hawana siri:
kumi na wanne kandokando ya ng'ombe wa Shaame,
na mmoja kajitenga kama aliyegombana na wenzake.
Kumi na watano.
Kulasitara wawili, wananyatia
kama watu wanaopita mlangoni kwa mdai.
Mdiria mmoja: buluu, basi, kisha unyasi unatikisika.
Kuku-ziwa nawasikia wakizozana ndani ya ndago,
lakini fomu inataka kilichoonekana.
Nangoja wajitokeze,
na mbu wananihesabu mimi.

Bata wakija huja kwa kundi, wakipiga mbinja juu kwa juu.
Hapo hakuna moja, mbili.
Hapo natia hesabu ya karafuu:
macho yanateka kumi, hiyo ndiyo pishi,
kisha napimia kundi zima.
Pishi tatu, vibaba viwili na ushei.
Thelathini na sita.
Bwana Khatibu alinifunza kwa kitabu
jambo ambalo mikono ya mama inalijua tangu mikarafuu ya Mtambwe.

Mama haipendi kazi hii.
Kwetu kuku akiangua, huulizi wangapi.
Ukiulizwa watoto unasema, "Wapo, alhamdulillahi,"
na ukibanwa sana: si mmoja, si wawili, si watatu,
unahesabu huku unakana,
ili jicho lisipate pa kushika.
"Vihesabiwavyo ni vilokufa, mwanangu," anasema,
ungo haukatizi mwendo. "Vilo hai vyaombewa."
Nikamwambia, mama, hii ni hifadhi,
tusipohesabu serikali itajuaje kuwa wapo?
"Kwani serikali ikijua ndio wataruka zaidi?"

Mwaka jana kibisi alikuwa na vifaranga wanne.
Niliwaandika kwa wino, nikaikoleza ile nne.
Wiki ya pili kiota kinaelea kitupu,
na juu ya gogo kenge anaota jua, tumbo limetuna.
Ni kenge. Najua ni kenge. Nina cheti.
Ila siku tatu sikupita kwa mama.

Leo yupo tena, kati ya mayungiyungi,
mdogo kama ngumi,
na mgongoni, chini ya bawa, kitu kinachungulia.
Kichwa chenye mistari.
Kisha kichwa kingine.
Kisha bawa likajifunga,
kama mtu avutavyo kanga juu ya mwanawe mgeni akipita,
akazama nao.

Maji yakatulia kana kwamba hayakumwona mtu.
Mkono wangu usio na kalamu
nikaukuta umeshika tumbo
ambalo hata Msellem sijamtajia mwezi.

Walipoibuka walikuwa ng'ambo, kivulini,
nami nilikuwa nimeshaigeuza darubini.

Keshokutwa yake simu kutoka Wete.
"Bi Mize, fomu imefika, safi kabisa.
Ila hapa kwa kibisi, safu ya vifaranga, umeweka kistari.
Ni sifuri au ulisahau?"
"Si sifuri."
"Basi mmoja?"
"Si mmoja."
"Wawili?"
"Si wawili."

Kimya.
Kisha nikasikia karatasi inafunuliwa ukurasa mwingine.
Bwana Khatibu kwao Kojani.
Ana watoto. Wapo.