Usiufunge Bendeji

Haikuwa theluji. Ilikuwa mvua iliyoganda ikigusa tu,
Winooski, Jumanne ya mwisho ya Januari,
kila sindano ya msonobari ikavishwa kioo
hadi mti ukawa mzito kama mtu aliyezama na koti lake.
Saa tisa na robo usiku nikasikia mlio.
Nilidhani ni tangi la mafuta. Sabriya alidhani ni paa.

Kulipokucha, kilele kilikuwa kimelalia uzio wa Bwana Gervais,
hatua sita za miguu yangu,
na chini ya panda, upande unaotazama dirisha la Sabriya,
ufa wa urefu wa mkono, mweupe, mbichi,
ukinukia kama wodi iliyotoka kupigwa deki.

Mimi kazi yangu ni vidonda.
Miaka kumi na moja ya zamu za usiku, nyumba ya wazee:
kuosha, kukausha, kufunga.
Nikapanda ngazi na shashi, na kopo la lami
nililouziwa na kijana aliyeapa kuwa hii ndiyo yenyewe.

Bi Thibodeau akanikuta hukohuko juu.
Mfupi, msumeno mgongoni, buti zenye meno.
Shuka, akasema. Usiufunge bendeji.
Akanionyesha uvimbe pale tawi linaposhika shina:
kata nje ya hapa, usiuguse, huu ndio unaojua kazi.
Kisha akasema neno nisilolipenda:
Mti hauponi. Mti huzingira.
Palipoumia hupaacha palepale,
hupajengea ukuta, ukaendelea kukua kando yake.

Bibi yangu, Kasulu, alikuwa nalo kwa ufupi zaidi,
mwenye kovu usidhani kapoa,
nami miaka yote nilidhani anasema watu.

Bima wakaandika: ukatwe, la sivyo ada itapanda.
Gervais naye: ukatwe.
Sabriya, aliyehamishia godoro sebuleni,
hakusema kitu. Alipima tu kwa macho
kutoka mti hadi kitanda, kitanda hadi mti.
Thibodeau akakaza waya wa chuma kati ya mapacha wawili wa panda,
akagonga shina kwa nyundo ya mpira, sikio limeegama.
Haujaoza, akasema. Miaka ishirini, labda.
Labda mitatu.
Nilimlipa kwa mafungu manne.

Kiangazi kile mvua ikagoma.
Kila Jumapili nikitoka zamu, viatu sijavua,
naweka mpira wa maji pembezoni mwa kivuli, si shinani,
utiririke polepole saa mbili nzima,
nami juu ya ndoo iliyopinduliwa nasinzia.
Nikatandaza magome, kina cha kiganja, yasiguse shina.
Nikaukuta msumari wa kamba ya nguo
wa mwenye nyumba wa zamani, umemezwa nusu.
Sikuung'oa.
Utomvu ukashuka juu ya ufa, rangi ya asali iliyochacha,
ukaninata mkono wa sweta, ukashinda sabuni zote;
Bi Hortense wa chumba namba sita akaninusa nikimgeuza ubavu,
yeye asiyekumbuka jina la mwanawe,
akasema: kuni. Baba amerudi na kuni.

Mwaka wa pili, mwezi Mei,
aliyeona ni Sabriya, si mimi.
Aliniita dirishani kwake, mswaki mdomoni:
tawi moja la pembeni, chini ya palipovunjika,
limechoka kulala. Limeanza kupinda kwenda juu,
kombokombo,
kama mtoto anayenyoosha mkono darasani
bila uhakika wa jibu.

Godoro bado liko sebuleni.
Usiku wa upepo simu hunitetemea mfukoni, kazini.
Baba, unalia.
Mti au waya?
Kimya. Namsikia akitembea bila viatu hadi dirishani.
Waya.
Basi lala.