Upande wa Sikio Zima

Mwaka huu nimehama, si nyumba, kitanda.
Miaka arobaini na mmoja nililala ukutani,
Anyosisye upande wa mlango, kwa ajili ya chui, alisema,
ingawa hapa Isongole hakuna aliyeona hata unyayo wa chui
tangu baba yake akiwa mchungaji wa mbuzi.

Sasa sikio lake la kushoto limefunga duka.
Nilikuwa nalisemesha usiku
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya waliohama.
Basi nikavuka, nikamruka yeye na blanketi lake,
nikalala mlangoni, kwenye sikio zima.
Chui akija, ataanza na mimi.

Mwili haujazoea. Alfajiri mkono wangu
unapapasa ukuta ambao haupo,
mguu unashuka ghafla kwenye baridi ya Juni.
Na yeye, na ubavu wake mpana,
amerithi shimo langu la godoro,
dogo, anakunja magoti ili limtoshe,
halalamiki.

Tulizaa saba. Watano wana simu.
Wawili tunawapalilia kila Desemba nyuma ya migomba,
yeye kwa jembe, mimi kwa mikono,
hatuambiani kitu mpaka tumalize
na mmoja aseme viazi mwaka huu vitaingia ukungu.

Watu husema hawa wameelewana.
Hawakuwepo mwaka wa yule ng'ombe
tuliyemwita Kamati, kwa kutafuna bila kuamua.
Alimpeleka mnadani Kiwira peke yake,
akalipa deni la mdogo wake, la mbolea
na la mambo mengine yasiyo na stakabadhi.
Mimi nilirudi kisimani nikakuta kamba.

Miezi minane nilimsemesha kupitia kwa Tusekile,
mtoto hajaota hata jino:
“Mwambie baba yako chakula kiko mezani.”
Mtoto anatoa povu.
“Mwambie mama yako nimesikia.”

Kilichotuponya si mchungaji wa kanisa,
ingawa alikuja mara mbili na akala vizuri.
Ni mvua ya mawe, usiku,
mbegu za viazi tumezitandaza uani,
yeye ameshika turubai pembe mbili,
upepo umeshika mbili zilizobaki.
“Subilaga! Shika huku!”
Sikumjibu. Nilishika.
Kulipokucha tulikuwa na manundu kichwani,
nikamhesabia yake, tisa,
akanihesabia yangu, akasema saba,
nadhani alinipunja.

Jana jikoni, kuni mbichi, moshi,
amechuchumaa mbele ya mafiga
na sikio bovu limeelekea kwangu.
Ndipo nikalitumia.
Nililiambia polepole, kama mtu anayeficha hela kwenye kopo:
Yule Kamati, hata mimi ningemuuza.
Mdogo wako alikuwa anakwenda jela, nilijua,
kijiji kizima kilijua.
Kilichoniuma ni kwamba hukuniita
nikakushikie kamba mpaka barabarani.

Akapuliza moto. Akapuliza tena.
Kisha akamwambia paka, bila kugeuka:
“Mwambie mama yako nimesikia.”

Nikachukua ndoo, nikaenda kukamua.
Ukungu ulikuwa umefika kizingitini,
ikabidi nimtafute ng'ombe
kwa sauti yake ya kutafuna.