Mizani ya Wawi

Kampuni ilianza na mizani, si ndege.
Mizani ya karafuu, ya chuma, ya kusimamia.
Hemed Khatoro aliinunua ghala la Mkoani lilipofungwa,
akaiweka mlangoni pa kibanda cha makuti, Wawi,
akaniambia: Bikombo, andika kila kinachopanda.
Ndege itafuata.

Ikafuata, mwezi wa saba.
Ilitoka Uingereza, kwenye kampuni ndogo ya kaskazini
iliyokuwa ikichukua barua, kondoo na wakunga
baina ya visiwa vyenye baridi nyingi na watu haba.
Viti vinane. Bawa moja lina kiraka.
Hemed akaipaka samawati, akaiandika Kipungu,
lakini kila masika yakinyesha
jina la zamani lilijitokeza chini ya rangi,
herufi moja moja, kama hina ya juzi.
Faki fundi, aliyeishia darasa la nne,
alijifunzia Kizungu ubavuni mwa ndege ile.

Mimi nilipima.
Watu kwanza, vikapu baadaye.
Rubani alitaka hesabu kabla ya kuwasha injini,
wala hakujali haya ya mtu.
Nikazijua siri za kisiwa kwa kilo.
Bi arusi wa Konde alikwenda Unguja na arubaini na saba,
akarudi mwaka wa tatu, akapanda tena na sitini na mbili
na mtoto mkononi ambaye sikumwandika.
Sheha mmoja alivua viatu, akavua koti,
akauliza kama saa nayo inahesabiwa.
Yule wa Micheweni, mwembamba mwili mzima, mnene tumbo tu,
nilimgusa kiunoni karafuu zikalia chakara.
Nikamwambia akae dirishani, na asicheke.
Mwalimu Shaame, safari ya kwanza ya hospitali, sitini.
Safari ya mwisho arubaini na moja.
Nikaandika hamsini. Alikuwa akitazama kalamu yangu.

Ndege ya pili ilikuja mwaka bei ya karafuu ilipopanda.
Ya tatu kwa mkopo.
Ya nne kwa mkopo wa kulipia mkopo.
Tukafika Tanga, tukafika Mafia,
makuti yakawa bati, bati likawa zege.
Kuna miezi miwili hatukupata mshahara:
Hemed alitugawia halua ya Wete na ahadi.
Halua tuliimaliza siku ile ile.

Kisha Hemed mwenyewe alirudi kutoka Unguja, amelala.
Karani wa kule akaniuliza kwa simu ya upepo:
Bikombo, nimwandike mzigo? Karatasi inataka kilo.
Nikasema, mkatie tiketi.
Akasema, wa kukaa wapi?
Kiti cha mbele, nikasema, nikazima simu.

Sasa ndege ni kumi na moja.
Wanawe wamebadili jina, limekuwa herufi tatu,
ulimi wangu haujapata pa kuzishika.
Mabegi yanapimwa na kompyuta. Watu hawapimwi tena, wanakisiwa:
kila mwanamume themanini na tano,
angekuwa hai, hata Shaame.
Kipungu imewekwa nyuma ya tangi la mafuta, haina injini,
kuku wa askari wa zimamoto wanataga ndani.
Samawati yote imebanduka,
limebaki lile jina la Kiingereza, jeupe, zima,
na Faki akipita na ndoo yake hulisoma kwa sauti
kama anayemwamkia jirani.

Mizani ilirudi kwenye karafuu.
Juzi nilipeleka gunia langu kituoni, kijana akasoma:
ishirini.
Nikamwambia, ishirini na mbili. Inapunja kilo mbili hiyo.
Akacheka. Umejuaje, bibi?
Miaka kumi na tisa, mwanangu.
Sikumwambia Hemed, sikumwambia rubani.
Pemba nzima ilipanda ndege ile
nzito kuliko nilivyoiandika,
na minazi ya mwisho wa uwanja
tuliipita kwa juu, kila siku,
kwa kiasi cha kanga moja.